Picha mbili mezani: namna ya kulinganisha picha zako na za wengine

Tarehe 15 Mei 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Aliye mbali anasikia habari ya samaki tu. Sisi wa Kigoma tunajua kwamba dagaa wakikosekana kwenye mwalo wetu wa Kibirizi, mama anayeanika dagaa hana hela, na asiye na hela hapigi picha. Studio yangu, iliyopo mtaa wa Mwanga hapa mjini, ikapoa. Wiki ya tatu nikashusha maboksi ya picha zangu yaliyokuwa juu ya kabati, nikaanza kazi niliyokuwa naiahirisha kwa miaka: kuziweka moja moja kando ya picha za watu wanaonizidi na kutafuta tofauti iko wapi hasa.

Nasema "hasa" kwa sababu kulinganisha kwa juujuu sote tunakufanya kila siku kwenye simu. Unaona picha ya mtu, unaguna, unasema jamaa anajua, ukirudi kwenye zako unaziona hazifai. Umeumia na hujajifunza kitu. Njia nitakayokueleza hapa ni ya vitu vinavyoonekana kwa jicho na kunyooshewa kidole: mwanga na giza, maumbo, mapengo yaliyo katikati ya maumbo, mistari, kingo za fremu, vitambaa na rangi. Ambacho hakinyoosheki kidole kiweke pembeni kwanza. Hisia utaizungumzia mwishoni, ukiwa tayari unajua imejengwa na nini.

Anza na jozi yenye tatizo moja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchukua picha ya harusi niliyoipiga ukumbini na kuiweka kando ya picha ya milima iliyopigwa na bingwa. Nilikaa nayo jioni nzima, nikaambulia patupu. Picha mbili hazilinganiki mpaka wapigaji wawe walipambana na jambo moja. Watu wanaokimbia kwa watu wanaokimbia. Mtu mmoja kwenye kiti kwa mtu mmoja kwenye kiti. Gauni la maua mbele ya pazia la maua. Uso wa mtu mweusi chini ya jua la saa saba mchana. Ukipata tatizo linalofanana, hata kama mwenzako alipiga miaka tisini iliyopita kwa kamera ya sahani za kioo, mna la kuzungumza.

Picha yangu niliyoanza nayo ni ya wavulana watatu wa Kibirizi wakikimbilia ziwani jioni. Niliipiga mwaka 2022, nikaitundika studio, na wateja waliisifu. Mimi kila nikiipita naona kuna kitu kimekwama, ila sikuweza kukitaja.

Jozi yake ilijileta yenyewe. Kuna picha ya karibu mwaka 1930 inayojulikana ulimwenguni kama ya wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika. Aliyeipiga ni Martin Munkácsi, Mhungaria aliyezaliwa 1896, ambaye alianza kwa kupiga picha za michezo Budapest kisha akahamia Berlin kwenye magazeti ya picha. Wavulana watatu wametupa mgongo, wanakimbilia maji, miili yao imekuwa karibu nyeusi tupu, na mbele yao mawimbi yanapasuka meupe. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliiona akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1930, na hadi uzeeni alikuwa akisimulia kwamba hiyo ndiyo picha iliyomsukuma kuchukua kamera na kutoka nayo barabarani. Picha yenye jina la ziwa letu ndiyo iliyomwasha mmoja wa wapiga picha wakubwa wa karne iliyopita, na hapa mjini wengi hawajawahi kuiona. Jambo hilo huniuma, na ndiyo sababu mojawapo ya kuandika haya.

Maandalizi ya meza

Chapa picha zote mbili kwa saizi moja. Mimi hutumia saizi ya postikadi, sentimita 10 kwa 15. Ukiacha moja kubwa na nyingine ndogo, kubwa itashinda bila sababu. Kama ya mwenzako ni nyeusi na nyeupe, ya kwako nayo igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwa kazi hii. Rangi tutairudisha baadaye. Ziweke mlangoni kwenye kivuli cha mchana, usiziangalie chini ya taa ya tyubu. Huna hela ya kuchapa? Ziunganishe kwenye picha moja ndani ya simu, upande kwa upande, ili mwanga wa kioo uwe mmoja kwa zote. Usifungue moja, ukafunga, ukafungua nyingine. Jicho linasahau haraka kuliko unavyodhani. Na nakala ya picha ya mwenzako ni ya kusomea tu, haiendi ukutani wala kwa mteja.

Vifaa vingine ni vya dukani kwa mtu wa madaftari: nailoni angavu ya kujaladia madaftari ya shule, kalamu ya wino mzito, daftari, na vipande viwili vya boksi ulivyovikata kama herufi L.

Katika daftari piga mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja "kwake", mwingine "kwangu". Kuna maneno manne niliyoyapiga marufuku humo: nzuri, mbaya, kali, kawaida. Ukijikuta umeandika mojawapo, futa na uandike ulichokiona kilichokufanya ulitake neno hilo.

Fumba macho nusu

Simama hatua mbili kutoka mezani, kunja macho mpaka kope zikaribie kugusana. Maelezo madogo yatapotea, yabaki mabaka ya mwanga na giza. Yahesabu.

Kwa Munkácsi nilipata mabaka makubwa mawili yanayogombana: weusi wa miili na weupe wa mapovu. Vingine vyote vinakaa katikati na kunyamaza. Kwangu nilihesabu matano, na hakuna lililokuwa bwana. Anga jeupe juu. Chini yake ukanda wa kijivu kizito, ambao ni milima ya Kongo ng'ambo. Kisha ziwa, kijivu chepesi. Kisha mchanga, kijivu kingine. Na wavulana wenyewe, kijivu kizito sawasawa na cha milima.

Hapo kidole changu kikatua. Milima ya Kongo ilikuwa imepita shingoni mwa watoto wote watatu kama kamba. Vichwa vyao vilikuwa mbele ya ukanda mweusi, vikamezwa. Miaka miwili nimeitazama picha ile na sikuwa nimeona kwamba watoto wangu hawana vichwa.

Sababu yake inafaa uijue kwa maana itakusaidia popote penye maji au uwanja wazi. Mstari ambapo maji yanakutana na anga hukaa usawa wa kamera yako siku zote. Ukisimama, unapanda, ukichuchumaa, unashuka nawe. Siku ile nilikuwa nimepiga goti moja, kamera ikawa usawa wa shingo za watoto wa miaka tisa, na milima ikakaa papo hapo kwenye vichwa vyao. Ningelala kifudifudi, ukanda ule ungeshuka hadi miguuni na vichwa vingebaki na anga. Ningepanda juu ya kitu, ukanda ungepita juu ya vichwa na miili yote ingekuwa mbele ya maji. Nusu ya hapa na nusu ya pale ndiyo iliyoniangusha.

Angalia kwamba sikujifunza hilo kwa kuiga Munkácsi. Nilijifunza kwa kujiuliza: weusi wake umekaa juu ya nini? Wa kwangu umekaa juu ya nini?

Chora mapengo, miili itajichora yenyewe

Hatua hii naipenda kuliko zote na ndiyo ninayoipa muda. Tandika nailoni juu ya picha, chora mzingo wa kila umbo jeusi, kisha jaza wino ndani. Usichore pua, vidole wala mikunjo ya kaptura. Maliza picha zote mbili, ziondoe, ubaki na michoro miwili juu ya karatasi nyeupe. Sasa iweke juu chini. Ubongo unaacha kuona "watoto" na kuanza kuona maumbo.

Kisha angalia palipo peupe katikati ya weusi: kati ya mkono na mbavu, kati ya goti na goti, kati ya mtu na mtu. Hayo mapengo ndiyo yanayomwambia mtazamaji kwamba huu ni mkono na ule ni mguu. Mwili uliokuwa mbele ya mwanga hauna macho wala mdomo, unaongea kwa mapengo peke yake. Katika picha yangu mapengo yaliyo wazi yalikuwa matatu. Watoto wawili wa kushoto walikuwa wameshikana kabisa, bega kwa bega, wamekuwa donge moja. Nikampa kijana wangu wa studio mchoro ule bila kumwonyesha picha.

"Kaka, huyu mmoja mbona ana miguu minne?"

Hakukosea. Ndivyo picha ilivyosema.

Kwa Munkácsi mikono na miguu inasomeka. Mtu aliyezoea kupiga picha za mpira na mbio anajua kwamba mwendo una nukta ambayo viungo vyote vimefunguka, na nukta nyingine ambayo viungo vimejikunja na mtu anaonekana kama gunia. Kati ya nukta hizo hapana hata nusu sekunde. Siku hiyo mimi nilibonyeza mara moja, nikaridhika.

Ukitaka kuona pengo dogo lenye kazi kubwa, tafuta picha ya Cartier-Bresson ya mwaka 1932 nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris. Mtu anaruka dimbwi, kisigino hakijagusa maji, na kivuli chake kimegeuka ndani ya maji yaliyotulia. Upenyo ule mwembamba kati ya kisigino na maji ndio unaobeba picha nzima. Ufunike kwa ncha ya penseli uone inavyokufa. Ukutani nyuma yake kuna bango lenye mcheza dansi naye anaruka. Sasa weka picha hiyo kando ya ile ya Ziwa Tanganyika. Hakuna ufukwe, hakuna watoto, hakuna mawimbi. Kilichofanana ni mwili mweusi hewani mbele ya uwanja mweupe. Cartier-Bresson hakubeba mada ya Munkácsi, alibeba mpangilio wa giza na mwanga na ile nukta ya viungo kufunguka, akaenda navyo mjini kwake. Ukiona mtu anasema "nimejifunza kwa fulani" na picha zake ni zilezile za fulani zilizobadilishwa sura, mwulize alibeba kitu gani.

Kingo na mistari

Pitisha kidole polepole pembeni mwa picha, kingo zote nne, ukiandika kila kinachogusa ukingo. Kwangu: pua ya boti iliyokatwa upande wa kushoto, ndoo nusu, kamba, na mkono wa mtu asiyekuwamo. Vinne, na hakuna niliyemwalika. Kila kimoja kinavuta jicho nje ya fremu kama mtoto anayekuvuta shati.

Zile L mbili za boksi ni za kujaribu kukata. Zisogeze mpaka ubaki na unachokihitaji. Cartier-Bresson alijulikana kwa kukataa picha zake zikatwe, lakini ile ya Saint-Lazare aliikata, kwa kuwa alipigia kwenye upenyo wa uzio na ubao ukaingia pembeni. Kwa hiyo kukata si dhambi. Ila usianze nako. Ukikata mapema unafuta ushahidi wa mahali uliposimama, na mahali uliposimama ndipo penye somo.

Kwenye mistari sikai sana. Iangalie inaanzia wapi na inakupeleka wapi. Kama inakupeleka kwa mtu wako, sawa, kama inakupeleka kwenye ndoo, andika.

Kitenge mbele ya maporomoko

Sasa niingie studio, maana wengi tunaoishi kwa kamera tunaishi kwa watu waliokaa kwenye viti. Kigoma ni mji wa vitenge, vingi vinavuka ziwa kutoka Kongo, na mteja anayekuja studio anakuja amevaa kizuri kuliko vyote alivyonavyo. Nyuma yake mimi nilikuwa na turubai lililochapwa maporomoko ya maji, miti ya kijani na upinde wa mvua. Nililinunua kwa fahari.

Mama mmoja muuza vitenge alikuja kuchukua picha zake, akaziangalia muda mrefu.

"Shikamoo mama. Zimetoka vizuri?"

"Marahaba baba. Kitenge nakiona. Maji nayaona. Mimi niko wapi?"

Nilimpigia tena bure. Lakini sikujua nibadilishe nini, nikaongeza taa tu.

Jozi ya picha ile niliipata kwa Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alizaliwa karibu mwaka 1921, akafundishwa useremala, na kamera yake ya kwanza aliletewa na mjomba wake mwaka 1935. Studio yake aliifungua 1948. Alipigia uani kwa mwanga wa mchana, kwa kamera kubwa ya filamu ya sentimita 13 kwa 18, na kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake. Kila baada ya miaka michache alibadilisha pazia, na baadaye mapazia hayo ndiyo yaliyomsaidia kukumbuka picha ni ya miaka gani.

Chukua picha zake za akina mama waliovaa vitambaa vya maua mbele ya pazia nalo la maua. Ukisimuliwa utasema haiwezekani, kitambaa kitapotea ndani ya kitambaa. Hakipotei. Niliweka picha ya mama wa vitenge kando ya mojawapo, nikapitia hatua zilezile, na vitu vitatu vikajitokeza.

Kwanza ukubwa wa maua. Maua ya nguo na maua ya pazia hayalingani ukubwa. Jicho linatenganisha kikubwa na kidogo bila kuambiwa. Kwangu majani ya turubai na majani ya kitenge yalikuwa saizi moja, kama vile mama amekatwa kutoka kwenye turubai lenyewe.

Pili sehemu tulivu. Fumba macho nusu mbele ya picha ya Keïta: kila mahali panachangamka isipokuwa uso na mikono. Ngozi ndiyo mahali pekee pasipo na ua, ndiyo maana jicho linakwenda kupumzika hapo. Maua yote yale yanamsukumia mtazamaji usoni kwa mama. Kwangu palipokuwa patulivu na peupe kuliko pote ni maji ya maporomoko, juu ya bega la kushoto. Mama alisema kweli, nilikuwa nimepiga picha ya maji.

Tatu mwanga wa ngozi. Kamera inayopima yenyewe huangalia fremu nzima. Ikikuta weupe mwingi nyuma, inabana mwanga ili weupe usiungue, na uso mweusi unazama gizani. Nikiongeza flashi ya mbele, uso unang'aa kama sahani, mashavu na paji la uso vinalala kuwa kitu kimoja. Kwa Keïta mwanga unatoka upande mmoja na ni laini. Unaweza kufuata kwa kidole shavu linavyogeuka kutoka mwangaza kwenda kivulini. Fuata hivyo kidole kwenye picha yako. Ukikuta shavu halina mahali pa kugeukia, tatizo ni mahali taa ilipo, si ubora wa kamera.

Turubai nilikunja siku hiyohiyo. Sasa natumia kitenge cha maua makubwa, ya rangi iliyofifia, na kingine cha kijivu kisicho na ua lolote, mteja anakaa karibu na mlango, flashi imezimwa. Nilimwita mama yule nikampiga mara ya tatu. Picha hiyo aliichukua bila neno, akarudi kesho yake na binti zake wawili.

Rangi ije mwisho

Ukishamaliza nyeusi na nyeupe, rudisha rangi ya picha yako na uulize imeongeza nini ambacho hakikuwepo. Mara nyingi utagundua kitu kilichokuwa kimetulia kimeanza kupiga kelele. Sofa jekundu la studio yangu, katika nyeusi na nyeupe, ni kijivu cha adabu. Kwa rangi linamzidi bibi harusi.

Rangi zitaje kwa vitu unavyovijua, maana "nyekundu" haitoshi. Mimi naandika: rangi ya mawese mapya, ya mawese ya zamani, ya dagaa mkavu, ya tope la Machi, ya sare ya shule iliyofuliwa mwaka mzima. Ukiandika kwake hudhurungi ya chungu kilichochomwa na kwangu hudhurungi ya chai ya maziwa, tayari umeona kwamba yake ina wekundu ndani na yako haina. Kisha hesabu: kwake rangi kubwa ngapi, kwangu ngapi? Picha zangu nyingi za sokoni zilikuwa na sita, saba.

Sentensi za daftarini, na kurudi mwaloni

Baada ya nusu saa daftari litakuwa limejaa. Chagua vitu viwili au vitatu, uviandike kwa muundo mmoja: kitu fulani kwake kinafanya kazi gani, kwangu kinafanya kazi gani. Yangu ya Kibirizi yalibaki hivi:

Kwake giza limekaa juu ya mwanga, kwa hiyo naona mwili mzima. Kwangu giza limekaa juu ya giza, kwa hiyo vichwa vimepotea.

Kwake mapengo yametenganisha viungo. Kwangu watoto wawili ni donge moja.

Kwake hakuna uso hata mmoja. Kwangu mtoto wa kulia amegeuka ananicheka.

Hiyo ya tatu iandike hata kama inakuudhi. Nilikuwa nimeshaweka L za boksi kumkata yule mtoto, nikidhani ameharibu picha, kwa kuwa wa Munkácsi wote wametazama mbele. Kisha nikakumbuka kwamba mama yake, alipokuja studio, picha aliyoitaka ni hiyo na sababu ni hicho kichwa kilichogeuka. Watoto wa picha ile maarufu wanamkimbia mpigaji. Huyu wangu ananiita niingie ziwani. Kulinganisha kukikuonyesha ulichokosa tu, umefanya nusu ya kazi. Tafuta pia kilichomo kwako ambacho kwake hakimo, na uangalie kama unataka kukilinda.

Halafu chagua badiliko moja, moja tu, uende ukapige tena. Ukibadilisha matano kwa mara moja hutajua lipi limesaidia. Mimi nilichagua mahali pa kusimama.

Ziwa lilifunguliwa Agosti 15. Nilisubiri wiki mbili mwalo uchangamke, nikaongea na wazazi, nikaenda Kibirizi saa kumi na moja jioni. Jua letu huzama karibu saa moja, si kama Dar es Salaam, na kwa kuwa ziwa liko magharibi, saa ya mwisho maji yote yanageuka bati jeupe na anayeyakimbilia anakuwa mweusi. Nilipanda juu ya pua ya boti lililokuwa limevutwa mchangani. Milima ya Kongo ikapanda juu ya vichwa vya watoto, miili yao yote ikabaki mbele ya maji yanayong'aa. Nilibonyeza mara nyingi, nikimngoja mmoja afungue mkono kutoka kwa mwenzake.

Nilichapa picha moja, nikaiweka mezani katikati ya zile mbili, nikatandika nailoni upya. Vichwa vipo. Mapengo yaliyo wazi ni tisa. Lakini kwa kupiga kutoka juu, miguu yao imefupika, wanaonekana kama wanaingia kisimani badala ya kukimbia. Nimeandika hilo nyuma ya picha pamoja na tarehe, na chini yake neno moja la safari ijayo: kulala kifudifudi.